Mashine ya kukwangua inanichania ngozi za mbuzi, nibadili mota au niiuze nitafute nyingine?

Ngozi_Dom
Habari za jioni wakuu. Niko Dodoma, nina kakiwanda kadogo ka kusindika ngozi za mbuzi na kondoo, vijana wanne mimi wa tano, kwa wiki zikija za kutosha tunapitisha kama mia tatu hivi. Miaka mitatu yote tumekwangua minofu kwa mkono, gogo la duara na kile kisu cha mishikio miwili, kijana mzoefu akijitahidi anafikisha 40 au 50 kwa siku halafu kesho yake mgongo hauinuki. Mwaka jana nikasema hapana, nikanunua mashine used ya kukwangulia, upana wake mita moja na nusu, mota ya hosipawa 10, aliyeniuzia alikuwa nayo kwenye kazi hii hii ya mbuzi.

Sasa shida. Kila ngozi ishirini nne au tano zinatoka zimechanika, na nyingi zinachanika pembeni, kule tumboni kulipo laini. Katikati kwenye uti wa mgongo ndo kwanza minofu inabaki, inabidi kijana arudi nayo kwenye gogo amalizie kwa mkono, yaani mashine ninayo na gogo liko pale pale. Nikikaza rola ya mpira inayobeba ngozi isogee kwenye visu ili katikati pakwanguke, pembeni zinachanika zaidi. Nikilegeza, katikati hapaguswi kabisa. Na ngozi ikiwa nene kidogo mashine inaguna kama inataka kuzima. Fundi umeme wangu anasema mota ni ndogo nifunge ya hosipawa 15. Mwingine ananiambia niuze niagize mpya. Hela ya mpya sina, hata ya mota kubwa naitafuta kwa tochi. Mnasemaje wenye uzoefu?

Dramu ninalo moja la mbao, kipenyo mita moja na nusu, ndo tunafanyia kila kitu, chokaa ya kutolea manyoya tunaliwasha jioni linazunguka usiku kucha asubuhi tunatoa ngozi moja kwa moja kwenye mashine.

FundiShafti
Mkuu kabla hujaenda kununua mota hebu nijibu kitu kimoja. Hizo ngozi zinapochanika, zinachanika umbali ule ule kutoka katikati? Yaani ukipanga kumi chini, mipasuko inakaa kwenye mstari mmoja au kila moja na pake?

Ngozi_Dom
Umenifanya niende stoo na taa ya simu. Nimepanga kumi na mbili zilizoharibika wiki hii. Tisa mpasuko uko karibu sentimita 35 kutoka mgongoni, kulia au kushoto. Sikuwahi kuliona hilo aisee.

FundiShafti
Basi mota haina kosa lolote, mwenye kosa ni mpira wa rola. Aliyekuuzia alikuwa anapitisha mbuzi, wewe unapitisha mbuzi, ngozi ya mbuzi ni nyembamba inapita pale pale katikati mwaka hadi mwaka, mpira umelika katikati umebaki na kibonde, pembeni ambako hakupiti kitu mpira uko na unene wake wa kiwandani. Kwa hiyo ngozi ikiingia, katikati iko bondeni kisu hakiifikii, ikifika ukingo wa bonde inakandamizwa kwa nguvu zote na hapo ndo tumboni pasipo na nyama wala unene. Lazima ichanike. Ukikaza unazidisha pembeni, ukilegeza unakosa katikati, hicho unachoelezea ndo chenyewe.

Hakikisha hivi. Zima swichi kuu, toa fyuzi uweke mfukoni mwako wewe mwenyewe, sio kwa kijana, maana kile kisilinda cha visu kikiwaka mkono upo ndani hakuna stori tena. Chukua bomba la mraba lililonyooka kweli, lilaze juu ya rola kutoka mwisho hadi mwisho, mtu amulike tochi kwa nyuma. Mwanga ukipita katikati umepata jibu. Kupima kina usihangaike na vifaa vya bei, chukua biti za drili, ingiza shina la milimita 2 kwenye mwanya, likicheza ingiza la 3, endelea hadi lile linalobana.

Jamaa wa Thika
Niaje wadau. Niko Thika, nimeshika hizi mashine kitambo. Kama shida ni hiyo ya rola hakuna haja ya gharama, we peleka ngozi upande mmoja wa mashine, mkono wa kushoto kabisa pale mpira bado ni mzima. Una mita moja na nusu na mbuzi anataka nusu yake tu, si utumie hiyo nafasi yote. Ikiisha kushoto unahamia kulia, hapo umejipea kama miaka miwili bure.

Babu_Nyamagana
Hapana mwanangu, hapo utampoteza mwenzio. Mimi nilianza kazi hii kiwanda cha ngozi Mwanza miaka ya 80, enzi za viwanda vya umma, na kosa hilo nililifanya mwenyewe zamu ya usiku. Angalia vile visu vilivyopangwa kwenye kisilinda, havikunyooka, vimejikunja kama parafujo, na vinaanzia katikati. Nusu vinaelekea kulia na nusu kushoto. Kisilinda kikizunguka visu vinaitandaza ngozi kutoka katikati kwenda nje pande zote mbili, kama mama anavyotandika shuka anapitisha mikono yote miwili kutoka katikati ya kitanda. Ndiyo maana mgongo wa ngozi lazima ukae katikati ya mashine. Ukiiweka upande mmoja, visu vyote vinaisukuma upande huo huo, inakunjamana, mkunjo ukifika kwenye kisu unakatika kama sufi. Mimi nilikata ngozi kumi na moja kabla msimamizi hajaja, na mshahara wa mwezi ule naukumbuka mpaka leo.

Lakini mwuliza swali, mie nimeshtuka na kitu kingine ulichokitaja mwishoni kama utani. Dramu linazunguka usiku kucha na chokaa? Kwa mizunguko mingapi kwa dakika?

Ngozi_Dom
Shikamoo mzee. Nimehesabu kwa saa, mizunguko 12. Mota ni ya mizunguko 1440, giaboksi ya 1 kwa 40, halafu puli ya inchi 4 kwenda inchi 12. Haibadiliki, ni hiyo hiyo kwenye chokaa, kwenye kromu (dawa ya kusindikia) na kwenye rangi.

Babu_Nyamagana
Marahaba. 12 ni nzuri sana kwa kromu. Kwa chokaa unaziua ngozi. Ngozi ikiwa kwenye chokaa imevimba, imejaa maji, uso wake umelainika kama mkate uliolowekwa kwenye chai. Sasa wewe unaitupa juu chini mara 12 kwa dakika masaa kumi na mbili, inasuguana na mbao, na pini, na wenzake. Uso unachubuka na tumbo linalegea kabla hata haijaiona mashine. Halafu asubuhi unaipeleka kwenye rola yenye bonde. Hapo hata mashine mpya ya Italia ingekuchania.

Sisi dramu la chokaa lilikuwa linatembea mizunguko 3 au 4, na halizunguki muda wote. Saa ya kwanza linazunguka ili chokaa na salfaidi viingie na manyoya yaanze kuyeyuka, baada ya hapo dakika tano kila saa basi, mengine yote linalala. Tulikuwa na mzee mmoja kazi yake ilikuwa kukaa na saa ya mezani usiku kuwasha na kuzima, na akisinzia tunajua asubuhi kwa kuangalia ngozi.

Jamaa wa Thika
Sawa mzee nimekubali, nimefundishwa 😅. Lakini huyo mzee wa saa siku hizi unamnunua dukani, ni taima tu na kontakta. Fundi wa stima anakufungia kwa nusu siku, unaiseti dakika 5 on, dakika 55 off. Na speed ukitaka kushusha weka inveta kwenye mota ya dramu. Kutoka 12 kwenda 4 unashuka hadi kama hezi 17. Ila hapo kuna mtego, feni ya mota iko kwenye shafti ya mota yenyewe, ikienda polepole mota inakosa hewa na inachemka. Kwa dakika tano tano haina shida itapoa, lakini usiiache hivyo masaa mengi bila kuifungia feni ya pembeni. Kitu ingine nzuri, kama uko na stima ya fezi moja tu, kuna inveta inakula fezi moja inatoa tatu, lakini angalia kwanza kibao cha mota, kama imeandikwa 220/380 unaiunga delta (delta na stari ni namna mbili za kuunga nyaya za mota). Ukiiunga stari kwa hiyo inveta itakosa nguvu ulaumu inveta bure.

Mama_Muwati
Mimi nasindika kwa unga wa muwati, maganda ya mti, unaotoka Njombe, kromu situmii, kwa hiyo ya mota nawaachia. Nimekwama hapo kwenye "dramu moja tunafanyia kila kitu". Kaka, maji ya chokaa na salfaidi mnayamwaga na kusuuza mara ngapi kabla ya kuweka asidi? Salfaidi ikikutana na asidi inatoa ile gesi ya mayai viza, na hata hapo kabla, mkianza kuitoa chokaa kwenye ngozi gesi inaanza. Ubaya wake ikiwa nyingi pua inazoea, unadhani imeisha kumbe ndo umekaa ndani yake. Kwa jirani yangu kijana aliinamisha kichwa kwenye mlango wa dramu kuangalia ngozi akaenda chini, bahati kulikuwa na mtu akamvuta kwa suruali. Sasa hivi kwangu mlango ukifunguliwa tunakaa pembeni upande unaotoka upepo, tunasubiri, na hakuna anayeingiza kichwa hata kama simu yake imedondokea humo. Na mfereji wa maji ya chokaa usiwe mmoja na wa maji ya asidi, mnaweza kusuuza dramu vizuri halafu yakakutana chini ya sakafu.

Ngozi_Dom
Dada asante, mfereji ni mmoja. Hiyo naanza nayo kesho asubuhi kabla ya kitu kingine chochote.

Ngozi_Dom
Wakuu narudi, ni wiki ya tatu sasa nimekuwa kimya kazi ilikuwa nyingi. Tochi nilimulika siku ile ile, mwanga ulipita katikati kama mlango umeachwa wazi, biti ya milimita 3 iliingia yenyewe. Bonde lina upana wa karibu sentimita 70, yaani 35 kila upande, pale pale ngozi zilipokuwa zinachanikia. Niliishia kucheka.

Rola tumeichomoa nikaipeleka kwa fundi wa mashine ya kukerezea hapa mjini. Kwanza aliweka kisu cha kukerezea chuma, mpira ukaanza kuraruka, nikamsimamisha nikampigia FundiShafti (asante kwa kupokea simu usiku ule) akasema mpira haukerezwi unasagwa, afunge grainda pale panapokaa kisu, rola izunguke polepole na grainda izunguke na yenyewe, apunguze kidogo kidogo. Ikachukua siku nzima na vumbi la mpira tumelila wote. Tumetoa kama milimita tatu na nusu hadi ikawa sawa mwisho hadi mwisho, halafu wakati wa kuifunga tukasogeza beringi za pande zote mbili kwa kipimo kimoja maana rola imekonda.

Mfereji nimeutenganisha. Taima na kontakta vimefungwa, inveta bado, natafuta hela. Kwa hiyo dramu bado ni 12 lakini ni dakika tano tano kila saa. Hata hivyo ngozi zinatoka uso wake umetulia, ukipitisha kiganja unasikia tofauti.

Jana tumepitisha 60. Zilizochanika mbili, na zote mbili zilikuwa na alama ya kisu cha mchinjaji tangu zinafika, palikuwa pameshakatwa nusu. Gogo limekaa nje linaota jua, vijana wamelifanya benchi.

Kilichobaki, bado mashine inaguna kwenye beberu wazee wenye ngozi nene. Mota au?

FundiShafti
Unaipenda hiyo mota mkuu 😂 iache. Hapo ni visu, lini mara ya mwisho umevinoa? Kisu butu hakikati kinavuta, na kikivuta ndo mota inaguna, ukifunga ya hosipawa 15 itavuta kwa nguvu zaidi na tutarudi kwenye kuchana. Mashine yako ina reli kule nyuma ya kisilinda yenye jiwe linalotembea kulia kushoto?

Ngozi_Dom
Reli ipo, jiwe halipo. Nilidhani ni ya kuanikia taulo, vijana wanaanikia aproni.

FundiShafti
Toa aproni hizo. Nenda na kile kishikio cha jiwe kwa wauza mawe ya grainda upate la saizi hiyo, lisiwe gumu sana likachoma visu. Visu vyenyewe vimeshikiliwa kwenye mifereji ya kisilinda kwa vipande vya shaba vilivyogongelewa, kagua kwanza kwa mkono fyuzi ikiwa mfukoni kama hakuna kinachocheza, kinachocheza usikiguse na jiwe mpaka kigongelewe upya. Halafu jiwe liguse kidogo tu, litembee taratibu, angalia cheche, zikiwa nyingi upande mmoja kuliko mwingine reli haijakaa sawa na kisilinda. Vaa miwani. Ukifika hapo piga picha ya visu utume hapa kabla hujaendelea, nataka kuona pale katikati vinapoachana.