Canon 200D, Nikon D3500 au Sony a6000: ipi itamfaa anayeanza kupiga picha za sherehe?

Mwanagenzi wa Tabata
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaanza kazi ya kupiga picha za sendofu, ubatizo na mahafali hapa Dar es Salaam, na nimetenga shilingi 1,500,000 kwa ajili ya kamera iliyotumika na vifaa vyake vya lazima. Baada ya kuzunguka Kariakoo nimebaki na tatu: Canon EOS 200D, Nikon D3500 na Sony a6000, kila moja ikiwa na lenzi ndogo ya kuanzia. Zote zina sensa (kipande cha ndani kinachonasa picha) ya ukubwa uitwao APS-C, yenye pikseli takriban milioni 24, hivyo kwa maelezo ya kwenye boksi sioni pa kuzitofautisha. Wateja wengine huomba na video fupi. Naomba mnilinganishie kwa kazi yenyewe.

Mzee wa Lenzi
Mdogo wangu, karibu kwenye kazi. Nianze na betri, kwa sababu sendofu iliyoandikwa saa kumi na mbili jioni inaweza kufika saa tano usiku keki haijakatwa. Kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, ambacho watengenezaji wenyewe hukitumia, D3500 hupiga picha 1,550 kwa chaji moja, 200D hupiga 650, na a6000 hupiga takriban 360 ukitumia skrini. Kwa anayepiga picha za mnato pekee, D3500 ni mashine ya kuaminika, ni nyepesi, na picha zake kwenye mwanga hafifu ni safi.

Ila ina mtego mmoja. Bodi yake haina mota ya fokasi, kwa hiyo lenzi za Nikon zilizoandikwa AF au AF-D zitafunga vizuri lakini utalazimika kufokasi kwa mkono. Ukiambiwa kuna 50mm f/1.8D ya bei poa, usiichukue. Tafuta iliyoandikwa AF-S, ambayo ina mota yake ndani.

Dada Picha, Tanga
Shikamoo Mzee. Kwa betri nakuunga mkono, lakini huyu mwenzetu ametaja video, na hapo D3500 inaanguka: haina tundu la maikrofoni. Hata a6000 haina. Kati ya hizo tatu ni 200D pekee yenye tundu la kuchomekea maikrofoni ya nje, tena skrini yake inageuka upande wowote na fokasi yake wakati wa video humfuata bibi harusi anapoingia ukumbini bila kuyumbayumba.

Hata hivyo, kaka, kitu kitakachokupa au kukunyima picha ukumbini ni lenzi. Hiyo lenzi ya kuanzia ya 18-55 ukiivuta hadi mwisho, tundu lake la kupitisha mwanga huishia f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Lenzi ya 50mm f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara 10 zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba mahali ambapo ya kwanza inakulazimisha kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 6400, ya pili inakuruhusu kubaki karibu na ISO 640 kwa kasi ileile ya shata, na sura za watu weusi chini ya taa za ukumbi hazitajaa chenga. Canon EF 50mm f/1.8 STM ni miongoni mwa lenzi za bei ndogo kabisa za kampuni hiyo. Kasoro yake ni kwamba kwenye sensa ya APS-C ya Canon huona kama 80mm, hivyo kwenye sebule ya ubatizo utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta. Sebuleni tumia 18-55 pamoja na flashi.

Bin Kisauni
Naona Sony inahukumiwa bila wakili. Ni kamera ya 2014, sikatai, lakini ni ya aina isiyo na kioo cha ndani (mirrorless), na ndani ya kitafutio chake, pale unapochungulia kwa jicho, mwanafunzi huona jinsi picha itakavyokuwa na mwanga au giza kabla hajabonyeza. Kwa anayeanza, hilo hufundisha haraka mno. Hupiga picha 11 kwa sekunde, na lenzi zake za E zitafunga hata kwenye kamera za Sony a7, zenye sensa kubwa zaidi, utakapopanda daraja. Betri zake ni ndogo, beba tatu mfukoni. Sauti irekodi kwa simu iliyowekwa karibu na spika, kisha uiunganishe wakati wa kuhariri.

Mzee wa Lenzi
Ndugu yangu wa Mombasa, hoja ya kitafutio naikubali kabisa. Hiyo ya kuunganisha sauti ni kazi ya ziada ambayo mteja wa ubatizo hailipii.

Mwanagenzi wa Tabata
Nawashukuru sana. Nimeanza kuelekea kwenye 200D. Muuzaji ananiambia niongeze kidogo nichukue 250D, kwa kuwa ni mpya zaidi na inarekodi video za 4K, zenye pikseli nyingi zaidi. Je, ninunue hiyo?

Dada Picha, Tanga
Kwa kazi yako, hapana. Angalia pale juu ya kamera panapokaa flashi: 200D ina pini ya katikati, 250D haina. Flashi za bei nafuu kama Yongnuo YN560 huwashwa kwa pini hiyo, kwa hiyo kwenye 250D haitawaka, na utalazimika kununua flashi ya gharama zaidi inayoelewana na Canon. Hiyo 4K nayo hukata pande za picha.

Ukienda kukagua, vua lenzi, fungua tundu lake lote, kisha mulika tochi ya simu kutoka nyuma. Ukiona nyuzi nyembamba kama za buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, na kwa unyevu wetu wa pwani itaendelea kutambaa. Iache hata wakipunguza bei. Idadi ya picha zilizokwisha kupigwa ni rahisi kuisoma kwenye Nikon, kwa sababu huandikwa ndani ya faili la picha. Canon kwa kawaida haiandiki humo, kwa hiyo usitegemee neno la muuzaji.

Mzee wa Lenzi
Niongeze kuhusu hiyo YN560. Nguvu yake huipangi kwa kamera, unaipanga kwa mkono, na hutumia betri nne za AA. Nunua za kuchaji, seti mbili. Elekeza kichwa chake kwenye dari ili mwanga ushuke taratibu, lakini kwanza tazama juu. Kumbi zetu nyingi hupambwa kwa vitambaa, na ukigongesha mwanga kwenye kitambaa cha zambarau, meza kuu yote itatoka na nyuso za zambarau. Ukikuta hivyo, geuza kichwa cha flashi kuelekea ukuta mweupe ulio nyuma yako.