Mafia au Pemba Desemba? Mimi nazamia, mke hajui kuogelea

Mgogo_Baharini: Wakuu habari za muda huu. Mwezi wa 12 nina likizo kama wiki hivi, nataka niipeleke familia kisiwani tukaone matumbawe. Mimi nilishapiga kozi ya kuzamia ile ya mwisho mita 18, wife hajui kuogelea kabisa na dogo ana miaka 11, maji hayaogopi hata kidogo na hilo ndo linanitisha. Mnemba kule Zanzibar nimeipiga chini, nasikia boti zimebanana kama daladala za Mbagala. Nimebaki na Mafia na Pemba. Dogo anataka papa potwe tu, yule papa mkubwa wa madoa, simu yangu nzima ni video za potwe. Desemba bahari ikoje na nianze kupanga nini, hoteli au boti?

mjukuu_wa_nahodha: Kaka usianze na hoteli wala boti, anza na mwezi. Potwe na Desemba mbona vinaendana, wanaonekana zaidi kuanzia Oktoba mpaka Machi, upande wa magharibi pale mbele ya Kilindoni, kusi limeshakata na kaskazi kule kisiwa kinakukinga kiasi. Ila mbizi yenyewe ni upande wa pili, Ghuba ya Chole ndani ya hifadhi, na kule maji mengi yanaingia na kutoka kwenye mlango wa Kinasi. Ukienda siku za bamvua, yaani maji yakijaa na kupwa sana, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, mkondo unakokota na maji yakipwa yanatoka na vumbi lote la ghuba, huoni kitu. Panga siku za kuzama ziangukie maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, na uingie wakati maji yanajaa, yale masafi ya bahari kuu ndo yanaingia. Watu wanalipa hela nyingi halafu wanalaumu kisiwa kumbe kalenda tu. Halafu mwambie dogo mapema kwamba potwe hayupo kwenye maji ya bluu kama ya video, anafuata uduvi na dagaa, kwa hiyo maji ni ya kijani kidogo na unamuona akiwa ameshakukaribia.

Fundi_Mitungi: Naongezea la ndege. Zile ndege ndogo za Dar hazijazi hewa ndani kama kubwa, watu wanadhani kwa vile zinaruka chini basi poa, sio poa. Ukishazama siku kadhaa mfululizo gesi ya mtungi bado imo mwilini, kaa angalau masaa 18 ndo upande, mi huwa nawaambia wateja siku nzima. Kwa hiyo potwe muweke SIKU YA MWISHO maana ni miwani na mrija tu, mtungi hautumiki kwake, mbizi mmalize mwanzoni. Au rudini kwa maji mpaka Nyamisati halafu gari mpaka Mbagala, hapo huna shida ya masaa ila muda wa kuondoka unafuata maji kwa hiyo usipange kikao jioni yake.

Mpemba_Halisi: Yakhe mbona Pemba mnaipita kama haipo 😅 Kisiwa cha Misali kwa mrija tu hata huyo mtoto atafurahi, na ukuta wa matumbawe Pemba unashuka mpaka hauoni chini. Ila kusema kweli kwenye milango ya Njao na Fundo mkondo si wa kuchezea, mtu wa mita 18 aje kwanza azoee. Na potwe wa kutegemea nendeni Mafia, siwezi kukudanganya.

Mgogo_Baharini: Shukrani sana, basi ni Mafia. Sasa dogo anaweza kuvaa mtungi? Na wife afanye nini, asije akakaa hotelini ananinunia.

Fundi_Mitungi: Miaka 10 na kuendelea anaruhusiwa, kwa umri wake mwisho mita 12 na mwalimu pembeni. Akiwa na mafua hazami, hata kama mmeshalipa, masikio hayatafunguka na ataumia. Kwa potwe kaeni mita 3 hivi kutoka mwilini, mkiani zidisheni, na hakuna kugusa.

Bi_Mkubwa_wa_Utende: Mkeo mwache kwenye boti siku ya potwe, potwe anakula juu juu kabisa, mkeo pezi analiona bila kulowa. Ghubani avae boya na ashikwe mkono na mtu wa boti, asisimame juu ya matumbawe, yanavunjika na ukikosea unakanyaga wale viumbe wa miiba. Kisiwa cha Chole kuna popo wakubwa na magofu, atapiga picha hadi achoke. Dera aache, avae taitsi na fulana ya mikono mirefu, mgongo hauungui wala hamwagi losheni baharini. Njoo na kitambulisho cha NIDA, kiingilio cha hifadhi cha mwenyeji na cha mgeni ni mbingu na ardhi. Na miwani za kukodi mjaribishe mtoto nchi kavu: muwekee usoni bila mkanda avute hewa kwa pua, ikidondoka omba nyingine.