Asmini za Bibi na maji ya suuza

Kikundi: UKOO WA BIBI, MIKINDANI
Jumapili, 3 Novemba 2024

MWANAHAWA: Assalamu alaykum ukoo. Shikamooni wakubwa.

MWANAHAWA: [picha 4]

MWANAHAWA: Uwani kwa Bibi asubuhi hii. Mchanga unachoma nyayo, mvua hata dalili hakuna, lakini oneni bogenvilia ilivyofunika paa la choo.

SHAMTE: Dada hiyo rangi umeongeza kwa simu 😂

MWANAHAWA: Wallahi sijagusa kitu. Njoo uone mwenyewe.

MJOMBA CHANDE: Waalaykumu salaam. Marahaba. Watu wanagombea ndoo ya maji, nyie mnamwagilia maua.

MWANAHAWA: Mjomba, hiyo haijapata hata kikombe tangu masika yaishe.

SHAMTE: Ndiyo maana inachanua. Bogenvilia ukiishibisha maji inakupa majani na miiba tu. Ikibanwa na kiu ndipo inatoa rangi. Halafu hayo mekundu si maua, ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kale keupe kadogo katikati, kuza picha ya pili utakaona.

MAMA REHEMA: Eti nini? Miaka yote hii nasifia majani?

SHAMTE: Ndiyo Mama mdogo. Na kwao ni Amerika ya Kusini. Jina imepewa la nahodha Mfaransa, Bougainville, aliyezunguka dunia 1766 hadi 1769.

MJOMBA CHANDE: Kazunguka dunia nzima, jina lake likaishia juu ya choo cha mama yangu.

MWANAHAWA: 😂😂😂

MAMA REHEMA: Haya, majani au maua, mie hayanisaidii. Hayana harufu. Kikuba, kile kishada cha harufu cha kumpamba bibi harusi, umekiona wapi kikifungwa kwa bogenvilia? Nataka habari za asmini. Harusi ya mwanangu tarehe 23 na huku Lindi nimeuliza kila nyumba, kila mmoja ananiambia imekauka.

MWANAHAWA: Asmini... hmm. Ngoja nitoke nipige picha.

MWANAHAWA: [picha]

MAMA REHEMA: Yallah. Mbona imejikunja hivyo?

MWANAHAWA: Vitumba vipo Mama mdogo, ila vidogo na vya kuhesabu. Mrehani ndio mzuri, upo karibu na karo la vyombo, unakunywa kila siku.

SHAMTE: Joto asmini inalipenda, inachanua vizuri tu. Kiu ndiyo inayoikomoa. Hiyo si bogenvilia. Mnaimwagia nini?

MWANAHAWA: Bomba lisipotoka tunachota kisimani.

SHAMTE: Kisima kile cha karibu na bahari?? Kile chumvi tupu. Angalia ncha za majani, zimeungua rangi ya kahawia. Hapo mnaiua wenyewe.

MWANAHAWA: Bibi anasema nimwekee sauti, ana la kusema.

MWANAHAWA: [sauti, dakika 2]

MJOMBA CHANDE: Niko shambani, siwezi kufungua. Andika.

MWANAHAWA: Sawa, naandika kama alivyosema:

MWANAHAWA: "Nilishasema maji ya kisima yasiende kwenye asmini, nani ananisikia humu ndani? Bogenvilia iacheni. Ule mti wa tumbo nene mlangoni uacheni, una akiba yake. Maji ya suuza ya mwisho, yasiyo na povu, yote ni ya asmini. Na ya kuoshea mchele. Alfajiri, jua halijatoka, shinani, si juu ya majani. Mkimaliza zungushieni makumbi ya nazi mchanga usichomwe. Na anayetia dawa ya madoa kwenye ndoo ya suuza nitamjua."

MJOMBA CHANDE: Huyo ndiye mama yangu.

MAMA REHEMA: Maji ya kuoshea samaki je?

MWANAHAWA: Anasema hayo tia kwenye mlimau, ukitia kwenye asmini paka watachimba mpaka mizizi.

SHAMTE: Bibi hajasoma kilimo, mimi nimesoma, na sina cha kuongeza. Labda huo mti wa tumbo nene tu. Wengine wanauita waridi la jangwani. Lile tumbo ni ghala la maji, ndiyo maana unaweza kupukutisha majani yote ukabaki na maua matupu. Msiwaache watoto wakate vijiti vyake. Utomvu una sumu, watu wa zamani waliupaka kwenye mishale.

MWANAHAWA: Ahaa! Ndiyo maana mbuzi wa jirani anakula kila kitu humu hata kanga kwenye kamba, lakini ule anaupita kama haupo.

MAMA REHEMA: Na yale madogo ya zambarau yaliyojiotea kwenye ngazi? Yananawiri kuliko watu.

SHAMTE: Hizo vinka, asili yake Madagaska. Dawa ya hospitali ya saratani ya damu kwa watoto ilitokana na mmea huo. Lakini inasafishwa na kupimwa kiwandani, tafadhali asitokee wa kuchemsha majani hapa. Nawajua.

MJOMBA CHANDE: Unamtazama nani?

SHAMTE: Sijataja jina Mjomba 😂

ZUHURA: Shikamooni nyote. Ndiyo naamka, huku Marekani saa moja asubuhi. Usiku wamerudisha saa nyuma, kwa hiyo sasa mmetutangulia saa nane, si saba tena. Nimesoma juu huko mpaka nimecheka peke yangu.

ZUHURA: Mkidhani ukame ni wenu peke yenu: hapa Philadelphia mvua ya kupimika haijanyesha tangu mwisho wa Septemba. Oktoba nzima, kapa. Majani yamepukutika makavu, ukikanyaga ni kama bisi.

ZUHURA: [picha 3]

ZUHURA: Na bado, hii ni bustani ya bibi jirani yangu. Hizo kubwa dalia, hizo za zambarau asta, na hizo za njano krisanthemamu.

MAMA REHEMA: MashaAllah. Huyo anamwaga maji ya bahari nzima.

ZUHURA: Hapana Mama mdogo! Anamwagia shinani tu, na majani makavu yaliyoanguka ndiyo anayotandika chini. Sawasawa na makumbi ya Bibi. Anasema ukavu mwaka huu umemfaa, kwa sababu mvua ya msimu huu huwa inayapiga maua yanaoza kabla ya wakati. Anachokiogopa yeye ni baridi ya kugandisha. Ikija, dalia zinalala usiku mmoja. Hapo anachimba mizizi yake kama viazi, anaiweka chini ya nyumba mpaka baridi iishe.

SHAMTE: Krisanthemamu haingoji mvua, inangoja usiku urefuke. Huko usiku umerefuka, basi inatoa maua, mvua iwepo isiwepo.

MJOMBA CHANDE: Zuhura, huko maji yanakatika?

ZUHURA: Hayakatiki Mjomba. Ila nimelelewa Mikindani, nafungua bomba kwa adabu.

MJOMBA CHANDE: Mwanangu kabisa.

MAMA REHEMA: Mimi naona suuza haitatosha. Tuombe mvua jamani. Hata ya siku moja.

MJOMBA CHANDE: Weweee! Usithubutu.

MAMA REHEMA: Nini tena kaka?

MJOMBA CHANDE: Korosho ziko chini, nusu shamba sijaokota. Zikilowa zinashuka daraja, mnadani wananikata bei. Ninyi ombeni Desemba, nitaitikia amina kwa sauti.

MAMA REHEMA: Kwa hiyo binti yangu aolewe bila kikuba kwa ajili ya korosho zako?

MJOMBA CHANDE: Na ule mchango wangu wa harusi unatoka wapi? Kwenye bogenvilia?

MAMA REHEMA: ...

MAMA REHEMA: Basi. Mvua isinyeshe.

ZUHURA: 😂😂😂😂 nimemwaga chai

SHAMTE: Hesabu ni hii. Wiki mbili na siku kadhaa zimebaki. Vitumba vipo, havihitaji muujiza, vinahitaji maji matamu kila siku. Mashina manne, ndoo moja kila alfajiri yatosha. Suuza ya nyumba hiyo inatoa nusu ndoo. Tunapungukiwa nusu.

MWANAHAWA: Na siku za kufua ni mbili tu kwa wiki, usisahau.

SHAMTE: Eh, hapo tunapungukiwa zaidi.

MAMA REHEMA: Mimi nakuja Ijumaa tarehe 22 mchana na sinia. Tunachuma baada ya Alasiri, vikiwa bado vimefumba, vifumbuke usiku mle mle kwenye kikuba. Mwanahawa mrehani nibakizie, usiuchumie chai. Kilua, lile ua la harufu, sijui nitakipata wapi.

MWANAHAWA: Jirani wa nyuma anacho kimoja. Nitamwomba, ila atataka kualikwa.

MAMA REHEMA: Mwalike. Na paka wake.

MWANAHAWA: Bibi anauliza, na maji ya hiyo nusu ndoo yanatoka kwa nani? Anamtaja mtu mwenye Bajaji na pipa.

SHAMTE: Mjomba yupo kimya ghafla.

ZUHURA: Mjombaaa

MJOMBA CHANDE: Nilikuwa napanga magunia. Haya, Jumatano naleta pipa moja la maji ya Nanyamba, na Jumatano inayofuata jingine. Nikikuta mtu kamwagia bogenvilia, pipa narudi nalo.