Mponyaji wa jukwaani: tumwigize Kisumu au tumwache?

Kikundi chetu kinataka kuigiza kwa Kiswahili Faith Healer (yaani mponyaji kwa imani), tamthilia ya Brian Friel wa Ireland, iliyoonyeshwa mara ya kwanza New York mwaka 1979. Wahusika ni watatu, na kila mmoja anaongea peke yake: Frank, mponyaji anayezunguka vijiji vya Uskoti na Wales, Grace, aliyeishi naye, na Teddy, meneja wake. Wenzangu wengine wanahofia tutawapigia debe watu wa krusedi, ile mikutano ya kuombea wagonjwa. Mimi sioni hivyo. Mwasemaje?

Wa Kondele: Mtawapigia debe, tena bure! Usiku mmoja huko Wales Frank anaponya watu 10, wote waliokuja. Mtazamaji atatoka na hao 10, zile safari za patupu, ambazo Frank hakuponya mtu, azisahau. Mwaka 2011 Wakenya walivuka mpaka hadi Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha Babu, dawa ya mponyaji wa huko, kwa shilingi 500 za Tanzania, na kuna walioacha dawa za hospitali. Hamjakoma?

Mwanzilishi: Hao 10 ni ndoano kweli. Lakini njoo Kinlochbervie, Uskoti, ambako Grace alijifungua mtoto mfu. Grace anasema Frank ndiye aliyetengeneza msalaba wa kaburi. Teddy anasema Frank alitokomea kabla ya mtoto kuzaliwa, akabaki yeye Teddy kumzalisha na kuzika. Frank mwenyewe? Kwake, Kinlochbervie ni mahali alipopata habari za kifo cha mamake. Mtoto hamtaji, na mwishoni anatuambia Grace alikuwa tasa. Ni krusedi gani umewahi kuona mke wa mponyaji akipewa maikrofoni aseme hayo?

Wa Nakuru: Hofu yangu ni nyingine. Watu watangoja waambiwe nani mkweli, wasiambiwe.

Mwanzilishi: Ndugu yangu, hujakaa matangani huku kwetu? Mjane anasema yake, kaka mkubwa yake, mwenzake wa kazi yake, hadi unajiuliza ni maiti ngapi kwenye jeneza. Hakuna anayedai hukumu. Na hapa Frank na Grace wanaongea wakiwa tayari wamekufa.

Wa Kondele: Matanga umenipata. Ila hesabu zamu: Grace moja, Teddy moja, Frank mbili. Anafungua yeye, anafunga yeye. Hata kwenye krusedi mambo huwa hivyo hivyo.

Mwanzilishi: Hilo sina jibu lake. Basi Grace tumpe mwigizaji wetu mkali kuliko wote, Frank apate kazi ya kumfuata.