Kompyuta ya mezani imekuwa nzito ghafla, naombeni ushauri kabla sijaiformati

Mwanatasnifu
Habari zenu wakuu. Nina kompyuta ya mezani yenye Windows 10, prosesa ya i5, RAM 8 GB na diski ngumu (hard disk) ya 1 TB. Imenitumikia vizuri kwa muda mrefu, lakini tangu juzi imekuwa nzito kupita kiasi. Inachukua muda mrefu mno kuwaka. Ikishawaka, nikifungua folda ya picha dirisha linaganda. Kipanya kinatembea kama kawaida ila nikibonyeza hakuna kinachoitika, halafu baada ya kitambo vyote nilivyobonyeza vinafunguka kwa mkupuo.

Sijaweka programu yoyote mpya. Nimepitisha kizuia virusi, hakikukuta kitu. Rafiki yangu anasema dawa ni kuiformati, yaani kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Ndani mna tasnifu niko sura ya mwisho, na picha za wanangu tangu wachanga, na nakala ya karibuni ya vitu hivyo sina. Nifanyeje?

Nyundo
Pole mkuu. Windows ikikaa sana bila kusafishwa hujaa takataka. Iformati, uweke upya, halafu ongeza RAM iwe 16. Utaisahau shida hiyo.

Kazikwanza
Mwanatasnifu, tafadhali usiformati. Kabla ya jambo lolote chukua flashi, nakili tasnifu yako sasa hivi, kisha ndiyo urudi kusoma ushauri wa watu.

Fundi_Baraza
Naungana na Kazikwanza kwa asilimia zote.

Mkuu, umeandika jambo moja la maana sana: kipanya kinatembea, ila ulivyobonyeza vinakuja baadaye kwa pamoja. Prosesa ikizidiwa, mara nyingi hata kipanya huanza kurukaruka. Hapa inaonekana prosesa iko huru, ila kuna kitu inakisubiri, na mara nyingi kinachosubiriwa huwa ni diski. Halafu umesema imeanza ghafla. Mfumo uliojaa takataka hulemea kidogo kidogo kwa miezi, hauangukii siku moja.

Ukishanakili tasnifu, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ufungue Task Manager. Kwenye ukurasa wa Performance angalia kwanza prosesa: inatumika asilimia ngapi, na inakimbia GHz ngapi. Kisha bofya Disk. Nataka tarakimu tatu za hapo: asilimia ya muda ambao diski iko kazini, kasi ya kusoma, na wastani wa muda inaochukua kujibu, ule ulioandikwa kwa ms (milisekunde). Hebu tega na sikio karibu na kasha utuambie kama kuna mlio wowote.

Nyundo
Fundi, diski kufika asilimia 100 ni kawaida ya Windows 10. Nimeliona hilo kwenye mashine nyingi, masasisho yakijishusha yenyewe. Unaiacha ifanye kazi yake, inatulia.

Fundi_Baraza
Ni kweli Nyundo, hutokea, na ndiyo maana sikuomba asilimia peke yake. Diski inaweza kuwa 100 kwa sababu inafanya kazi nyingi, ikawa 100 pia kwa sababu imekwama kwenye kazi moja. Ikiwa ni masasisho, utaona megabaiti zinapita na jina la programu inayozila liko juu ya orodha. Hata kasi nayo ina utata, kwani hata diski ngumu isiyo na ubovu ikisoma vipande vidogo vilivyotawanyika inaweza kushuka hadi megabaiti moja kwa sekunde. Ndiyo maana nasisitiza ule muda wa kujibu. Diski ngumu ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja ni zaidi kidogo ya ms 8. Ikiwa na foleni ndefu inaweza kufika mamia. Ukiona maelfu, tena yasiyoshuka, hapo kuna ugonjwa.

Mwanatasnifu
Ahsanteni sana. Tasnifu imenakilika yote, nimeifungua kutoka kwenye flashi na inasomeka.

Majibu: prosesa asilimia 6, GHz 3.2. Diski 100. Kasi ya kusoma inacheza kwenye KB 300 kwa sekunde, wakati mwingine sifuri kabisa. Muda wa kujibu unapita ms 4,000. Na mlio upo: tik, tik, kimya kidogo, tik tena. Nilidhani ni feni.

Fundi_Baraza
Pole, ila ni heri umejua mapema. Hiyo diski inaumwa, na kuiformati kusingeitibu.

Inakuwa hivi. Data hukaa kwenye diski katika vijisehemu viitwavyo sekta. Sekta ikiharibika, diski haisemi mara moja kwamba imeshindwa. Inarudi kuisoma tena na tena, na diski ngumu nyingi za kompyuta za mezani zimetengenezwa zing'ang'anie hivyo kwa sekunde kadhaa kabla ya kukubali. Muda wote huo maombi mengine yote yamepanga foleni nyuma yake: folda yako, kivinjari, hata Windows yenyewe. Ikivuka sekta hiyo, foleni inaachiliwa yote kwa pamoja. Ule mkupuo unaouona ndio huo.

Usiendeshe chkdsk yenye /r, amri ya Windows ya kukagua diski, kwa sasa. Wengi watakushauri hivyo kwa nia njema, lakini amri hiyo inalazimisha diski isomwe kuanzia mwanzo hadi mwisho, na diski iliyo hoi inaweza kufia hapohapo. Nakili picha kwanza, folda moja moja, ukianza na ile ambayo ikipotea utalia. Ukikuta folda inakwama, iruke uende nyingine. Halafu pakua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ufungue, utuandikie rangi inayoonyesha na tarakimu za mistari ya 05, C5 na C7.

Kipepeo
Nachangia kwa wengine watakaosoma uzi huu wakiwa na dalili inayofanana. Yangu nayo ilikuwa nzito ghafla, lakini diski ilikuwa imetulia kabisa. Task Manager ilionyesha prosesa asilimia 100 huku kasi ikiwa GHz 0.8, wakati inapaswa kuwa zaidi ya 3. Kufungua kasha, tukakuta pini moja ya kipoozeo imechomoka kwenye ubao mama, chuma kimeinama upande na hakiigusi prosesa sawasawa. Joto likizidi, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Tulifuta ile pasta iliyokauka, tukapaka mpya, tukabana pini zote nne, na kasi ikarudi. Kwa hiyo msinunue diski kabla ya kutazama tarakimu hizo mbili.

Fundi_Baraza
Mchango mzuri sana huo, Kipepeo. Niongeze na RAM: kijiti kimoja kikilegea, kompyuta inaweza kuendelea na nusu ya kumbukumbu bila kukuambia kitu. Task Manager huonyesha jumla ya RAM inayoonekana, mtu ahakikishe ni ile anayoijua.

Mwanatasnifu
Nimerudi. Picha nyingi zimetoka, nashukuru mno. Folda mbili zinakwama, nimeziruka kama ulivyosema. CrystalDiskInfo inaonyesha njano. 05 ina 18, C5 ina 68, C7 ni sifuri. 68 ni nyingi?

Fundi_Baraza
Programu hiyo kwa kawaida huandika tarakimu za mwisho kwa mfumo wa kumi na sita (hexadecimal). Kwa hesabu yetu ya kawaida, 68 hiyo ni 104, na 18 ni 24. Maana yake, sekta 24 diski imekwisha kuzihamishia kwenye akiba yake, na 104 zimeshindwa kusomeka na zinasubiri kuamuliwa. Ukiona C5 inapanda kila unapoangalia, hali inazidi kuwa mbaya.

C7 kuwa sifuri ni habari njema kwa kiasi fulani, inamwondolea lawama waya wa data. Ingekuwa inaongezeka huku 05 na C5 zikiwa sifuri, ningekuambia ubadilishe waya kwanza, ambao ni kitu kidogo sana, kabla ya kugusa diski.

Nyundo
Nimeelewa fundi. Sasa akinunua SSD, ile diski isiyo na kitu kinachozunguka, si aihamishe Windows yote kama ilivyo asipate shida ya kuweka programu upya?

Fundi_Baraza
Kwenye diski isiyo na ubovu ningemwambia ahamishe. Hii itakwama njiani, na faili za mfumo zilizoliwa zitahamia nazo zikiwa mbovu. Aweke mfumo mpya kwenye SSD, kisha arudishe faili zake. Usaidizi wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo aangalie kama mashine inakubali Windows 11, ambayo inataka TPM 2.0 (kijenzi cha usalama ndani ya kompyuta) na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Kama haikubali, Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, ingali njia nzuri kwa kazi ya kuandika.

Mwanatasnifu
Na zile folda mbili? Moja ni ya mwanangu wa kwanza, mwaka wake wa kwanza.

Fundi_Baraza
Zima kompyuta, uichomoe diski hiyo, usiandike chochote juu yake. Ukishapata SSD na diski nyingine ya nje yenye nafasi zaidi ya 1 TB, tutatumia ddrescue, programu ya kuokoa data, kutoka kwenye flashi ya Linux. Hiyo huchukua kwanza sehemu zote zinazosomeka kwa urahisi, sehemu ngumu inaziandika pembeni na kuzirudia mwishoni, na ikikatika katikati huendelea pale ilipoishia. Sekta iliyokataa leo wakati mwingine hukubali ikirudiwa. Kama mlio huo utaongezeka au diski ikiacha kuonekana kabisa, usiiwashe tena, umpelekee mtaalamu wa kuokoa data. Ukiwa tayari andika hapa, nitakupa amri moja moja.