Likizo ya peke yako baada ya miaka 50: kikundi, meli, kituo kimoja au kuhama kwa treni?

Bi_Ramani

Wadau, naomba tulinganishe njia nne kwa msafiri wa aina moja: mwanamke aliyepita hamsini, anasafiri peke yake, ana siku 10, anameza dawa ya presha kila siku, na magoti yanamudu kutembea ila ngazi nyingi yanazilalamikia.

1. Ziara ya kikundi yenye kiongozi
2. Meli ya kitalii
3. Kituo kimoja: unapanga chumba mji mmoja, unakwenda matembezi ya siku na kurudi kulala
4. Kuhama mji hadi mji kwa treni

Habari za "jiamini tu, dunia ni yako" tuziweke kando. Nataka gharama ya kichwa kimoja, uchovu, na kila njia huharibikia wapi.

HesabuKwanza

Bi Ramani, tuanze na nyongeza ya mtu mmoja, maana hapo ndipo bei ya tangazo inapokuacha njiani. Bei ya ziara au ya meli karibu daima huandikwa kwa mtu anayelala chumba kimoja na mwenzake. Ukiwa peke yako unalipia kitanda kitupu.

Kwa ziara ya kikundi fanya hivi. Chukua nyongeza yote, igawe kwa idadi ya usiku (ziara ya siku 10 kwa kawaida ina usiku 9, wakati mwingine 8 kama usiku mmoja mko kwenye ndege). Halafu tafuta bei ya chumba cha watu wawili kwenye hoteli zile zile, tarehe zile zile, uikate nusu. Nusu hiyo ndiyo gharama halisi ya kitanda kitupu. Nyongeza ikiwa karibu nayo, sawa. Ikiwa juu sana, ujue unalipishwa pia kiti cha basi na mlo wa mtu ambaye hayupo. Uliza kama kuna nafasi chache zisizo na nyongeza. Waandaaji wengine huziweka, nazo huisha mapema. Kuna pia mpango wa kuchanganywa na mwanamke mwingine chumba kimoja. Swali la kuuliza hapo ni: asipopatikana wa kulala naye, nyongeza nalipa mimi au mnabeba ninyi? Jibu liwe kwa maandishi.

Kwenye meli nyongeza inaweza kufika asilimia 100, yaani unalipa nauli ya watu wawili kamili. Lakini kodi za bandari na bakshishi ya kila siku huhesabiwa kwa kichwa, kwa hiyo zisirudiwe mara mbili kwenye ankara yako. Kagua mstari kwa mstari. Baadhi ya meli zina vyumba vilivyojengwa kwa mtu mmoja. Norwegian Epic, iliyoanza kazi 2010, ni mfano unaotajwa sana. Ni vidogo, na mara nyingi havina dirisha la kuonea bahari. Linganisha jumla na jumla: chumba cha mtu mmoja kinaweza kuzidi bei ya chumba cha kawaida cha ndani chenye nyongeza, hasa msimu ukiwa umelala.

Kituo kimoja: chumba kina bei ya chumba, awe mmoja au wawili, hivyo nyongeza imo ndani japo haijaandikwa. Faida ni punguzo la wiki, ambalo kwa kawaida huanzia usiku wa saba. Ukiweka usiku 6 ili "kuokoa" mmoja, unaweza kujikuta unalipa zaidi ya wa usiku 7. Ada ya usafi hutozwa mara moja, kwa hiyo ukikaa siku 9 huisikii, ukikaa siku 2 inauma. Hiyo ndiyo inayoimaliza njia ya nne kimyakimya: kila mji ada mpya.

MkobaMwepesi

Mimi nahesabu kitu kimoja tu: utabadilisha kitanda mara ngapi. Kila kuhama kunakula nusu siku. Kufunga mzigo, kutoa chumba, kungoja treni, safari yenyewe, kutafuta mlango mpya, kungoja chumba kiwe tayari. Ukihama mara nne ndani ya siku 10, siku 2 nzima zimekwenda. Watu wawili wanagawana kazi: mmoja anashika mizigo, mwingine anaenda kuuliza. Ukiwa peke yako hata kwenda chooni stesheni unaingia na sanduku.

Kwa hiyo kama ni treni, basi miji miwili, mitatu mwisho, isipungue usiku 3 kila mmoja. Kwenye kubadilisha treni acha angalau dakika 40 hata kama ratiba inasema 12 zinatosha. Zile 12 zimepangwa kwa mtu asiye na mzigo anayejua ngazi ziko upande gani, na lifti iwe nzima.

Kipimo cha sanduku: lijaze, lipandishe ngazi za ghorofa mbili bila kupumzika, kisha linyanyue juu ya kichwa uhesabu hadi tano. Likikushinda, toa vitu, usitegemee msaada wa jirani. Kwa wengi inaishia kwenye kilo 8 hadi 10. Ukifungwa na kikomo cha kilo 7 cha mkoba wa mkononi, anza kwa kupima sanduku tupu. Mengine yana kilo 3 kabla hujaweka hata kanga.

NesiMstaafu

Dada, kwa huyo wa dawa ya presha, kuna mambo ambayo hayabadiliki njia yoyote utakayochagua, na mengine yanayobadilika. Niyaseme yote.

Dawa zote mkobani, usizitume na sanduku. Beba za siku zote pamoja na za siku 7 za ziada, kwenye pakiti zake za asili, pamoja na nakala ya cheti cha daktari kinachotaja jina la kitaalamu la dawa, maana jina la kibiashara hubadilika nchi hadi nchi na mfamasia hatalijua. Kikomo cha mililita 100 cha vimiminika uwanja wa ndege hakihusu dawa unazozihitaji, ila zitoe mapema uzionyeshe. Insulini hasa isiingie shehenani, ikiganda imeharibika.

Kagua sheria za dawa za nchi unayokwenda. Japani inaruhusu dawa za cheti za hadi mwezi mmoja bila kibali cha awali, na dawa za mafua zenye pseudoefedrini zaidi ya asilimia 10 haziruhusiwi kabisa. Falme za Kiarabu zinadai kibali kwa dawa zenye kodeini. Hiyo kodeini imo ndani ya vidonge vingi vya maumivu ambavyo watu huvitupia mkobani bila kufikiri.

Sasa yanayobadilika. Ziara ya basi na dawa ya presha ya aina inayokukojoza havipatani. Wengi wanachofanya ni kuiruka dozi asubuhi ya safari ndefu, na hapo presha inapanda au miguu inavimba. Usiruke. Muulize daktari kabla ya safari kama dozi inaweza kusogezwa mchana mkishafika, na muulize mwandaaji basi linasimama kila baada ya saa ngapi. Saa 2 ni sawa. Saa 4 si sawa. Na ukishikwa na tumbo la kuendesha huku unatumia dawa hiyo, mwili unakauka haraka kuliko kawaida. Weka pakiti 4 hadi 6 za chumvichumvi ya kuchanganya na maji, na ujue mapema daktari wako anasemaje kuhusu kuisimamisha kwa muda.

Safari ya kukaa zaidi ya saa 4, ndege au basi, inaongeza uwezekano wa damu kuganda miguuni. Anayetumia vidonge vya homoni za kukoma hedhi yuko juu zaidi. Zile za kubandika kwenye ngozi, kwa dozi ya kawaida, hazina hatari hiyo. Kama daktari amekushauri soksi za kubana, ni za chini ya goti, nguvu ya 15 hadi 30 mmHg kifundoni, zivaliwe asubuhi kabla miguu haijavimba. Mwenye matatizo ya mishipa inayopeleka damu miguuni asizivae bila kuuliza.

Chanjo ya homa ya manjano: cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano na tangu Julai 2016 ni cha maisha yote. Aliyefika miaka 60 na hajawahi kuchanjwa azungumze na daktari kwanza, kwa sababu madhara makubwa, ingawa ni nadra, huongezeka umri huo. Nenda kliniki wiki 4 hadi 6 kabla.

Bi_Ramani

Asante, Nesi. Na meli? Watu husema meli ina daktari, kwa hiyo ni salama zaidi.

NesiMstaafu

Ina daktari na chumba cha huduma ya kwanza chenye uwezo wa kukutuliza. Upasuaji na vipimo vikubwa, hapana. Kwa kawaida unalipa papo hapo, kisha unadai bima. Likiwa kubwa unashushwa bandari inayofuata, au helikopta inakuja, na meli inaendelea na safari. Unabaki peke yako hospitali ya mji usiokuwa kwenye mpango wako. Kwa hiyo bima iseme wazi kwamba inahusu safari ya meli na kusafirishwa kwa matibabu.

HesabuKwanza

Kwenye bima, tangaza kila ugonjwa hata ule "uliotulia". Ukificha presha kisha ukapata kiharusi, dai linakufa. Angalia vitu vitatu: kikomo cha umri (bima za mwaka mzima huwa na kikomo cha chini kuliko za safari moja), kiasi unachojilipia mwenyewe kabla bima haijaanza, na sharti la kupiga simu yao kabla ya kulazwa. Anayeomba viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya) anatakiwa kuwa na bima ya angalau euro 30,000. Na inunue siku unayolipia safari, si wiki ya kuondoka, ili hata ukiugua kabla ya kwenda urudishiwe.

TikitiMkononi

Ongezeni upande wa meli: fika mji wa bandari siku moja kabla. Ndege ikichelewa meli haikungoji. Saa ya meli inaweza kutofautiana na ya simu yako ukishuka bandarini, fuata ya meli. Na weka simu kwenye hali ya ndege baharini. Ikijiunga na mtandao wa setilaiti wa meli, ankara yake huwa kubwa ya kutisha.

Ila kwa anayechoka na mizigo, mimi naitetea meli. Unafungua sanduku mara moja tu. Kipimo cha MkobaMwepesi cha kubadilisha kitanda, meli inakishinda.

MkobaMwepesi

@TikitiMkononi kituo kimoja nacho kinafungua sanduku mara moja, na saa kumi na moja jioni hakuna anayekuita urudi ndani. Bandarini unapata saa 6 hadi 9, toa foleni ya kushuka na kupanda.

Tatizo la kituo kimoja ni kukichagua vibaya. Siku 9 nzima utalipa kosa la siku moja. Kabla ya kulipa andika ujumbe wenye maswali haya haya, upate majibu kwa maandishi: Kutoka barabarani hadi kitandani kuna ngazi ngapi? (Uliza idadi. "Ghorofa ya kwanza" kwa nchi moja ni chini kabisa, kwa nyingine ni juu.) Lifti inaanzia usawa wa barabara, au baada ya ngazi? Bafu ni la kuingia wima au la kuvuka ukingo? Kuvuka ukingo mrefu wenye maji ndiko kunakovunja nyonga. Mlango una komeo la ndani? Nikifika saa 3 usiku nani ananifungulia? Wakijibu "kuna kisanduku cha funguo chenye namba", fikiria mtu mmoja gizani, sanduku mkononi, simu imebakiza asilimia 4. Kwa usiku wa kwanza nachagua penye mapokezi ya saa 24, hata kama siku zilizobaki ni nyumba.

TikitiMkononi

Hapo sibishi. Ila kikundi kisidharauliwe kwa mahali ambapo lugha, alama za barabarani na usafiri vyote ni vigeni kwa pamoja. Uliza idadi ya watu (12 hadi 16 mnajuana, 40 ni foleni), kilomita za kutembea kwa siku, usiku wa mahali pamoja, na kama siku ngumu unaweza kubaki hotelini. "Kiwango cha wastani" kwenye tangazo hakina maana. Taka kilomita na idadi ya ngazi.

HesabuKwanza

Jambo moja linalosahaulika: ukichomoa laini ya nyumbani ili uweke ya ugenini, namba za uthibitisho ambazo benki hutuma kwa ujumbe zinakwenda kwenye laini iliyo mfukoni, na malipo ya kadi yanakwama. Tumia laini ya kidijitali (eSIM, isiyo na kadi ya kuchomeka) kwa intaneti, ya nyumbani ibaki ndani na data yake ya ugenini ikiwa imezimwa. Kadi mbili za akaunti tofauti, moja mwilini, nyingine kwenye sanduku. Mashine ikikuuliza ulipe kwa sarafu ya kwenu au ya huko, chagua ya huko; ile nyingine wanakubadilishia kwa bei yao.

Bi_Ramani

Basi kwa siku 10 naona hivi: kituo kimoja usiku 7, halafu mji wa pili usiku 2 karibu na uwanja wa kurudia. Kuhama mara moja tu. Kuna kasoro?

MkobaMwepesi

Moja. Matembezi ya siku yasizidi saa 1 na nusu kwenda, na yasipangwe siku mbili mfululizo. Na hakikisha treni ya mwisho ya kurudi si ndiyo unayoitegemea. Panga ya kabla yake.

NesiMstaafu

Na siku ya kwanza baada ya ndege ndefu usipange chochote chenye tiketi ya saa maalumu. Kama unakokwenda saa zinatofautiana sana na za nyumbani, muulize mfamasia dozi ya kwanza uimeze saa ngapi za huko, uandike kwenye karatasi kabla hujapanda.