Mwekezaji wa mabwawa ya kamba anautaka ufukwe wetu, tumjibu nini?

Katibu_Kikundi
Habari wakuu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wavuvi wadogo. Kuna mtu anataka kukodi eneo la nyuma ya mikoko, pamoja na kipande cha mikoko yenyewe, achimbe mabwawa ya kamba. Anaahidi ajira na asilimia ya faida kwa kikundi. Vijana wanataka tusaini hata kesho. Akina mama wanaookota kombe maji yakipwa wamegoma, kwa sababu kwenye ramani yake njia yao ya kushukia imekuwa tuta. Ufugaji wenyewe siupingi, samaki wa kuvua wanapungua na kila mtu anaona. Tumkubalie kwa masharti gani?

Fundi_Bwawa
Mkuu, mikoko msimpe hata mti mmoja, na si kwa ajili ya uhifadhi tu. Udongo wa mikokoni mara nyingi una chuma na salfa. Ukikaa chini ya maji hauna neno. Ukichimbwa ukapigwa na hewa, unatengeneza asidi. Mvua ikinyesha juu ya tuta, asidi inateremka bwawani, kamba wanadumaa au wanakufa. Utaona michirizi myekundu kama kutu kwenye kingo, utamwaga chokaa hadi uchoke. Kusini-Mashariki mwa Asia yapo mabwawa mengi yaliyotelekezwa namna hiyo.

Achimbe juu zaidi, mahali ambapo hata maji ya bamvua hayafiki. Gharama ya pampu ni yake. Halafu awe na bwawa la kutuliza maji machafu kabla hajayarudisha baharini. Asivute na kumwaga kwenye mkondo uleule, maana atakuwa anajirudishia ugonjwa mwenyewe.

Kijana_wa_Maji
Hayo ya asidi sawa, lakini mikoko hailipi ada ya shule. Tukikataa, atahamia kwa jirani na sisi tutabaki na kombe zetu.

Mama_Kombe
Mdogo wangu, hizo kombe ndizo zilizolipia ada za wengi. Na hiyo ajira iulizeni vizuri: watu wengi wanahitajika wakati wa kuchimba na wa kuvuna. Katikati hapo ni walinzi na walishaji wachache.

Katibu, umesema asilimia ya *faida*. Gharama anaziandika nani? Mwaka atakaosema amepata hasara mtagawana nini? Dai kodi ya eneo isiyotegemea faida, asilimia iwe nyongeza. Njia ya akina mama ichorwe kwenye ramani ya mkataba. Ahadi ya mdomo haina kazi siku geti likifungwa.

Msoma_Hukumu
Naunga mkono. India walichelewa kuyauliza haya. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya huko iliamuru mabwawa ya kamba yaliyojengwa ndani ya ukanda wa pwani uliolindwa yabomolewe, isipokuwa yale ya ufugaji wa kiasili, na wachafuzi walipe fidia. Malalamiko yalikuwa chumvi kwenye visima na mashamba, na wavuvi kuzibiwa njia ya kwenda baharini. Pimeni chumvi ya visima vyenu sasa, kabla ya jembe la kwanza, muandike. Bila kipimo cha mwanzo hamtakuwa na ushahidi.

Fundi_Bwawa
Kijana, kukataa mikoko kukatwa si kukataa kazi. Ca Mau, Vietnam, wanafuga kamba katikati ya mikoko kwa msongamano mdogo. Mavuno kwa eneo ni madogo, siwadanganyi, ila malisho ya kununua karibu hakuna. Mkitaka kufuga vingine, mwani na chaza navyo havilishwi.

Katibu_Kikundi
Nimeirudia rasimu yake. Hakuna neno hata moja kuhusu nani atafukia mashimo akiondoka. Mwenye mfano wa kifungu?

Msoma_Hukumu
Aweke fedha za dhamana benki kabla ya kuchimba, zisitoke bila saini ya kikundi na ya mamlaka ya mazingira. Zitoshe kubomoa matuta na kurudisha njia ya maji. Akilikataa hilo tu, mmeshajua alipanga kukaa muda gani.